Pikapu Iliyomkataa Mama Nyakwesi

Ninyi vijana mnaonipita asubuhi hapa Mwisenge na ovaroli zenu, mkaniamkia haraka haraka mkielekea gereji, huwa mnaniuliza swali lile lile: mzee, gari likikosa sailensa wewe ulikuwa unaanzia wapi? Mnangoja nitaje plagi, au kabureta. Nikisema nilikuwa naanzia kwa dereva mnacheka, mnaona mzee ameshachoka. Sawa. Leo magoti yananiuma na siendi popote, ngoja niwaeleze nilikuwa na maana gani.

Kwa ambaye hajawahi kushika spana, sailensa kwetu mafundi ni ule muungurumo wa injini gari likiwa limesimama na hakuna aliyekanyaga mafuta. Gari zima linaunguruma taratibu, unaweza kusahau kwamba limewashwa. Gari gonjwa linatetemeka, vioo vinagonga, usukani unacheza mkononi, halafu linazima. Na halizimi ukiwa uani kwako. Linazima kwenye makutano ya barabara, kwenye mlima, mbele ya basi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, Mungu amrehemu. Gereji yake ilikuwa ya mabati, hapa hapa Musoma. Mteja akifika, sisi wanafunzi tulikuwa tunakimbilia kufungua boneti. Yeye anamvutia mteja benchi, anamwagizia kahawa, anauliza habari za nyumbani. Kutoka habari za nyumbani anaingia kwenye habari za gari bila mteja kujua amevushwa saa ngapi. Linazima likiwa baridi au likishapata moto? Ukipunguza mwendo au ukiongeza? Mara ya mwisho nani aliligusa, na aligusa nini?

Tuliona anapoteza muda. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba kikombe kinapofika chini, kichwani mwake nusu ya magonjwa ameshayafuta. Gari linalosumbua asubuhi tu na kutulia likipata moto, alikuwa anaanzia kwenye choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia injini baridi. Linalozima likishapata moto na kukataa kuwaka mpaka lipoe, anashuku koili, inayopeleka umeme kwenye plagi. Linalotetemeka likiwa limesimama lakini ukilikimbiza linakuwa zuri kabisa, hilo kuna mahali linavuta hewa ya wizi: mpira umepasuka, gasketi imelegea, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta inakochanganywa na mafuta. Kwenye mwendo injini inavuta hewa nyingi, kwa hiyo ule wizi mdogo hauonekani. Kwenye sailensa injini inavuta kidogo, na kila pumzi ya hewa ya pembeni inaiumiza.

Nikumbuke na kisa cha Mzee Suleiman wa Kabasa, kule Bunda, maana kila nikikikumbuka nacheka peke yangu. Mzee huyo alikuwa anauza vitambaa mjini, na gari lake lilikuwa linamzimikia kila siku akirudi nyumbani, tena eneo lile lile, karibu na banda la mama mmoja aliyekuwa anapika wali na samaki. Akikaa pale akala, gari linawaka na kumfikisha salama. Mke wake alimsikiliza siku za mwanzo, kisha akaacha kumwekea chakula cha jioni, akamwambia akale linakozimikia.

Mafundi wa Bunda walikuwa wameshabadilisha pampu ya mafuta. Mzee Athumani alipofika hakugusa injini. Aliuliza tu kama mfuniko wa tangi ni ule ule wa zamani. Kumbe ulipotea, na Mzee Suleiman akajitafutia mwingine uliokaza vizuri sana. Tukaendesha mpaka pale kwenye banda, gari likazima, Mzee Athumani akashuka na kuufungua mfuniko. Tangi likavuta pumzi ndefu, sisi sote tukaisikia. Mfuniko ule haukuwa na tundu la kupitisha hewa. Kadiri mafuta yalivyotoka, tangi lilijinyonga, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Muda wa kula sahani moja ya wali ulitosha hewa kujipenyeza. Tulitoboa tundu dogo, tukaenda naye nyumbani kumweleza mkewe. Yule mama alisikiliza maelezo yote kwa heshima, halafu akauliza: hilo tundu la mfuniko ndilo linalomfanya mume wangu ashibe kabla hajafika?

Mzee Athumani alisema baadaye kwamba hilo halikuwa swali la fundi.

Sasa niwape kile ambacho hasa nilitaka kuwapa. Hiki kilitokea miaka yangu ya mwisho ya kazi, Mzee Athumani ameshazikwa zamani na gereji ni yangu.

Walikuja watu wawili na pikapu ya zamani, mwanamke na mwanamume, na walipokaa kwenye benchi waliacha nafasi kubwa katikati. Mwanamke alikuwa Mama Nyakwesi wa Butiama, mjane. Mume wake alikuwa ananunua dagaa wakavu hapa mwaloni, wanakoshushia wavuvi, anapeleka kwa pikapu hiyo kwenye magulio ya Bunda na Butiama. Aliugua, akafariki. Mama Nyakwesi akaenda chuo cha udereva, akapata leseni, akasema ataendeleza biashara ya mumewe mwenyewe. Yule mwanamume alikuwa shemeji yake, Magesa, mdogo wa marehemu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikaagiza kahawa. Magesa ndiye aliyeanza kusema. Akasema gari ni zima. Yeye akiliendesha halimzimikii hata siku moja, akitoka nalo Butiama mpaka Musoma na kurudi. Lakini akikaa shemeji yake, linazima. Lilimzimikia Makutano akisubiri kuingia barabara kubwa, likamzimikia Bunda sokoni, na wiki ile lilikuwa limemzimikia katikati ya barabara, basi likamkwepa na kuingia majanini. Fundi wa Butiama alibadilisha plagi. Fundi wa Bunda alisafisha kabureta. Bado likawa hivyo hivyo: kwa Magesa linakwenda, kwa mjane linakufa.

Nikamuuliza Magesa mwenyewe anadhani nini. Akaangalia kikombe chake.

"Mzee, mimi nimesoma, na kanisani naendaga," akasema. "Lakini nyumbani wanasema gari inamkataa. Wanasema kaka hajataka huyu aendeshe. Jumapili tunakaa kikao cha ukoo. Wewe ukisema gari ni nzima, basi tutaiondoa kwake, tuiuze, kila mtu apumzike."

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Nimeona ndugu wa mume wanaokuja kunyang'anya, nawajua kwa macho tu. Huyu hakuwa hivyo. Alipofika kwenye habari ya basi, aliirudia mara mbili. Alikuwa ameshamzika kaka yake, na alikuwa anaogopa kumzika na mke wa kaka yake.

Nilipomgeukia Mama Nyakwesi, alisema anashukuru kwa kahawa.

Nikafungua boneti. Kitu cha kwanza nilichokuta ni kwamba fundi mmojawapo alikuwa amepandisha sailensa. Aliikaza skrubu mpaka pikapu ikawa inavuma kama mashine ya kusaga. Hili nawaomba msilifanye. Mteja ataondoka amefurahi kwa sababu gari halizimi haraka, lakini ugonjwa umebaki palepale, na yeye anachoma mafuta na kusukumwa na gari lake kwenye kila kituo. Nikairudisha mahali pake. Injini ikatulia, ikaunguruma vizuri. Nikanyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo vya mipira na kwenye gasketi, nikasikiliza. Hakuna kilichobadilika. Nikachomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine, na kila niliochomoa injini ililalamika, maana yake silinda zote zinafanya kazi. Koili ilikuwa vuguvugu tu. Niliiacha injini ikiunguruma mpaka ikapata moto kabisa, haikuzima.

Kama ningeishia hapo, ningemwambia Magesa kwamba gari ni zima, na nisingekuwa nimesema uongo. Kikao cha ukoo kingekaa na neno langu mezani.

Lakini gari lilikuwa linamzimikia mtu mmoja tu kati ya wale wawili, na sikuwa nimejua kwa nini. Nikamwambia Mama Nyakwesi aingie, aendeshe kuelekea Bweri, mimi nikae kando yake. Magesa akapanda nyuma kwenye bodi.

Alikuwa dereva mzuri. Mwangalifu, anaangalia vioo, anaweka mikono yote miwili kwenye usukani kama walivyomfundisha. Tulipofika mahali pa kukatiza, bodaboda zikapita mbele yetu, akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akatulia akisubiri. Injini ikaanza kukohoa. Usukani ukatetemeka. Pikapu ikazima. Nilimwangalia usoni, na alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini sana. Sikuuliza ni nini. Akawasha, tukaendelea. Kwenye kona iliyofuata, tena.

Nikawaomba wabadilishane. Magesa akashika usukani, Mama Nyakwesi akakaa katikati yetu. Tukarudi njia ile ile, na safari hii sikuangalia barabara wala sikusikiliza injini. Niliangalia miguu.

Magesa alikuwa anapunguza mwendo kwa gia. Kutoka ya nne kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya pili, injini ndiyo inayomshikia gari. Karibu kabisa na kituo anagusa breki kidogo, anaachia, anavuta handibreki, krrr, miguu yake inapumzika. Bodaboda zikapita. Pikapu ikaunguruma bila shida. Akashusha handibreki, akaondoka. Kila kituo hivyo hivyo. Sikuwahi kuuona mguu wake ukikaa juu ya breki.

Nikamuuliza nani alimfundisha kuendesha. Akasema ni marehemu kaka yake, kwa gari hilo hilo, akiwa kijana. Kaka yake alikuwa anamwambia breki ni ya dharura, anayeikalia anaimaliza.

Nikamwambia arudi kwenye kituo tulichopita, asimame, ila asivute handibreki. Akanyage breki tu, aishikilie kama vile mlimani.

Akafanya. Sekunde chache za mwanzo hakukuwa na kitu. Halafu chini, karibu na miguu yake, nikasikia mlio mwembamba wa hewa. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Akawasha tena bila kuambiwa, akakanyaga tena. Ikazima tena.

Mwenye baiskeli mmoja nyuma yetu alipiga kengele, akatuzunguka, akapita.

Nitaeleza ugonjwa kwanza, halafu nirudi kwao. Gari linalosaidia mguu wako kukanyaga breki lina chombo cha duara, kama sufuria mbili zilizofunikana, kipo nyuma ya injini mbele ya dereva. Tunakiita busta. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, na kuna bomba linalotoka kwenye injini kuja kukivuta. Kiwambo kikichanika, ukikanyaga breki hewa inapita kwenye ule mpasuko, inaingia bombani, inaingia kwenye injini. Ndiyo ile hewa ya wizi, ila mwizi huyu anaingia mguu ukiwa kwenye breki tu. Ukifungua boneti na kusimama mbele ya gari huwezi kumwona, kwa sababu hakuna aliyekaa ndani kukanyaga. Mafundi wawili kabla yangu walisimama mbele ya gari. Na mimi nilianza kwa kusimama hapo hapo.

Kuthibitisha ni rahisi. Tuliporudi gereji nilizungushia kitambaa lile bomba la mpira, nikalibana kwa plaizi, Mama Nyakwesi akiwa ndani amekanyaga breki. Injini iliyokuwa inakaribia kufa ikatulia papo hapo. Nikaachia, ikakohoa. Nikabana, ikatulia. Nikamwita Magesa abane mwenyewe kwa mkono wake. Jihadharini tu: msimruhusu mtu aende barabarani na bomba limebanwa, maana breki itakuwa ngumu kama jiwe. Na ninyi wenye mashine za kupima, mashine zenu naziheshimu, ila gari jipya likiwa na ugonjwa huu mashine itakuambia hewa imezidi. Haitakuambia anayeiingiza ni nani. Nimeona watu wakibadilisha vihisio vyote, zile sensa zenu, na mwenye gari anarudi kesho yake.

Sasa nirudi pale barabarani, injini ikiwa imezima.

Magesa aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akaangalia mbele. Nilidhani anaona aibu, kwa sababu ya maneno ya ukoo na kikao cha Jumapili. Nikawa natafuta namna ya kumrahisishia, nikaanza kumweleza kwamba hata mafundi walidanganyika. Hakuwa ananisikiliza.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

Nikamuuliza nani.

"Kaka. Nilikuwa nasema kumbe bado yupo. Amekasirika, lakini yupo."

Katika miaka yote ya kazi nimewapa watu habari nyingi mbaya: injini imekufa, giaboksi haina maisha. Siku hiyo nilimpa mtu habari nzuri ikamwondolea kaka yake mara ya pili.

Ni Mama Nyakwesi aliyezungumza. Alikuwa amebanwa katikati yetu, magoti yake yameegemea fimbo ya gia, na alizungumza akiiangalia handibreki.

"Shemeji, hata mimi niliamini," akasema. "Kila ikizimika nilikuwaga namwomba msamaha. Alinikatazaga kujifunza gari, akasema mwaka ujao, mwaka ujao. Nikasema labda ndiyo hiyo."

Kisha akanyoosha mkono, akaigusa ile handibreki.

"Lakini ulivyokuwa unaivuta hii sasa hivi, nimeshtuka. Nilifumba macho kidogo. Ni yeye kabisa."

Magesa aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mimi nikafungua mlango, nikasema nataka kuangalia tairi la nyuma, nikashuka. Tairi halikuwa na kitu. Nililiangalia kwa muda mrefu.

Wanangu, sijui kama kuna chuo kinachofundisha hili. Mtu akikuletea gari hakuletei vyuma peke yake. Limekaliwa. Kiti kimebonyea kwa uzito wa mtu fulani, kioo kimewekwa kwa urefu wa mtu fulani, na kwenye gari la marehemu hivyo vyote bado vipo wakati mwenyewe hayupo. Fundi anayesema "hamna kitu hapa, ni mawazo yenu" anaweza kuwa sahihi kuhusu injini na bado akawa amewaumiza watu. Mzee Athumani hakuniambia haya kwa maneno. Nadhani ndiyo maana alikuwa anaagiza kahawa.

Busta tuliipata Bunda, iliyotumika, kwa muuza vipuri wa magari yaliyovunjwa. Nilipoifunga niliijaribu kwanza, na njia hiyo nayo muizoee: kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inavuta. Isiposhuka, ifungue uirudishe ulikoinunua. Ile ilishuka vizuri. Nilitoa upepo kwenye breki, nikarekebisha sailensa kwa mara ya mwisho, nikanawa mikono.

Kikao cha Jumapili kilikaa. Baadaye nilisikia kutoka kwa Magesa mwenyewe kwamba alisimama akaeleza habari ya kiwambo, na mzee mmoja akauliza kama mpira unaweza kuchanika wenyewe bila sababu. Magesa akajibu kwamba hata sisi tunachanika. Pikapu ikabaki kwa Mama Nyakwesi. Hao wengine waliamini nini moyoni mwao, sikuuliza.

Siku waliyokuja kuichukua, Mama Nyakwesi ndiye aliyekaa kwenye usukani. Magesa alikaa kando, na kabla hawajaondoka nilimsikia akimwambia shemeji yake kwamba mlimani bado ni vizuri kutumia handibreki. Mama Nyakwesi akamjibu kwamba atajifunza, amwonyeshe wakifika njiani. Wakatoka getini taratibu.

Mwisho wa mtaa wetu ng'ombe walikuwa wanavuka, kundi la mtu wa Bweri, wengi na wasio na haraka. Taa nyekundu za nyuma za pikapu zikawaka. Alikuwa amekanyaga breki, na ameishikilia kama alivyofundishwa chuoni. Mimi nilikuwa bado getini na kitambaa mkononi. Moshi mwembamba uliendelea kutoka kwenye bomba la nyuma, sawasawa, bila kukatika, na mimi sikuondoka mpaka ng'ombe wa mwisho alipovuka na zile taa zikazimika na gari likaenda.